Mazda CX-5 au Nissan X-Trail? Mwongozo kamili wa kulinganisha kabla hujatuma pesa

Wengi wanaouliza kati ya CX-5 na X-Trail huwa wameshachagua kwa macho. Wameona picha, wameona bei ya CIF (gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini), na sasa wanatafuta mtu wa kuwaunga mkono. Baada ya miezi michache maswali yanabadilika: mbona gia boksi inatetemeka, mbona taa ya injini haizimiki, mbona kodi imekaribia bei ya gari lenyewe?

Kosa ni lile lile kila mara. Watu wanalinganisha majina mawili, wakati wanachonunua ni magari mawili mahususi, kila moja na injini yake, umri wake na historia yake. CX-5 ya dizeli na CX-5 ya petroli zina tabia tofauti kiasi kwamba ushauri wa moja unaweza kumponza mwenye nyingine. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Nazungumzia matoleo yanayoingia kwa wingi Tanzania kutoka Japani: CX-5 ya kizazi cha kwanza (KE), iliyoanza kuuzwa huko Februari 2012 na kupisha kizazi cha pili mwanzoni mwa 2017, na X-Trail T32 iliyoanza Desemba 2013. Msomaji wa Kenya akumbuke kwamba sheria ya nchi yake inayokataza kuagiza gari lililozidi miaka minane imeshaifungia nje KE. Ataikuta kwa mtu aliyekwisha kuitumia nchini, au alinganishe CX-5 ya kizazi cha pili na T32 iliyoboreshwa kuanzia Juni 2017.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Namba kamili ya chesisi ya kila gari unalolifikiria. Muuzaji akikataa kuitoa, achana naye.
- Karatasi ya mnada ya Japani, iliyo halisi na si tafsiri aliyoichapa muuzaji.
- Cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani.
- Simu yenye intaneti ya kuingia kwenye kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania.
- Mashine ya kusoma makosa ya gari, au fundi aliye nayo. Iwe inayosoma gia boksi, maana nyingine husoma injini peke yake.
- Tochi, kitambaa cheupe na daftari.
- Kama gari liko nchini: ruhusa ya kuliendesha saa nzima, likianzia likiwa la baridi.

## Hatua ya 1: Andika gari litafanya kazi gani

Chukua daftari ujibu maswali manne: kwa siku unaendesha kilomita ngapi, safari nyingi ni fupi za mjini au ndefu za mkoani, unabeba watu wangapi, na barabara ya kwenda kwako ikoje masika.

Majibu haya ndiyo yatakayoamua. Anayetoka Kimara kwenda Posta kila siku kwenye foleni na anayekwenda Mbeya kila mwezi hawapaswi kununua injini moja.

Ukijikuta umeandika watu sita au saba, tazama X-Trail, kwa sababu T32 ina toleo la safu tatu za viti na CX-5 hii haina. Lakini safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima hatafika nayo Morogoro akiwa na furaha, na ikiwa imeinuliwa buti linabaki dogo sana.

Umefaulu ikiwa: una sentensi moja isiyo na jina la gari ndani yake, kwa mfano, "Watu watano, safari fupi za mjini, tope miezi mitatu kwa mwaka."

## Hatua ya 2: Soma namba ya chesisi

Herufi za mwanzo zinakuambia ukweli ambao tangazo linaweza kuuficha.

Kwa Mazda:

- KEEFW na KEEAW: petroli 2.0, cc 1,997.
- KE5FW na KE5AW: petroli 2.5, cc 2,488.
- KE2FW na KE2AW: dizeli 2.2, cc 2,188.

Herufi F ni ya gari linalovutwa na matairi ya mbele tu, A ni ya matairi manne.

Kwa Nissan, T32 ni ya matairi ya mbele na NT32 ni ya matairi manne, zote zikiwa na injini ya petroli MR20DD ya cc 1,997. Ukiona HT32 au HNT32, hiyo ni haibridi, inayotumia petroli na umeme. Kama huna fundi anayeijua haibridi ya Nissan karibu yako, iache, hata ikiwa bei inavutia.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo ningependa kila mnunuzi alielewe hapa, kwa sababu ndilo linalotenganisha magari haya kuliko umbo lolote la taa. CX-5 ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia sita. X-Trail ya petroli ina CVT, inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. CVT ni laini na inasaidia kubana mafuta, lakini haivumilii joto kali wala oili isiyo yake. Ile ya Mazda inavumilia zaidi.

Onyo: tangazo likisema "4WD" na chesisi ikaanza na T32 au KEEFW, muuzaji hajui anachouza au anakudanganya. Matokeo kwako ni yale yale.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya kodi kabla ya kupenda

TRA hutoza kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wake. Ankara ya bei ya chini aliyokuandikia muuzaji haitakusaidia. Ingia kwenye kikokotoo, chagua aina, modeli, mwaka, nchi na ukubwa wa injini, kisha soma jumla.

Ili ujue namba zinatoka wapi: kuna ushuru wa forodha 25%, kisha ushuru wa bidhaa ambao ni 5% kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000 na 10% kwa inayozidi hapo, kisha VAT 18% juu ya vyote. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa 15%, na lililozidi miaka 10 huongezewa 30%. Viwango hivi huweza kuguswa na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo neno la mwisho ni la kikokotoo.

Chukua gari lililopewa thamani ya dola 10,000. Ukiacha tozo ndogondogo:

- Ushuru wa forodha ni dola 2,500, tunafika 12,500.
- Injini ya 2.0 inalipa ushuru wa bidhaa dola 625. Injini ya 2.5 au dizeli ya 2.2 inalipa 1,250.
- Ukiweka VAT, pengo kati ya injini hizo mbili linafika dola 737.5.

Sasa tazama umri. Kwa gari hilo hilo, uchakavu wa 15% pamoja na VAT yake ni dola 2,212.5. Wa 30% ni dola 4,425. Kwa maneno mengine, mwaka wa gari unaweza kukugharimu mara kadhaa kuliko ukubwa wa injini.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanachagua la 2013 kwa sababu CIF yake ni ndogo kuliko la 2017, kumbe likifika bandarini gharama zinakutana au zinapitana. Linganisha jumla ya kila gari likiwa na namba za usajili, si likiwa Yokohama.

Umefaulu ikiwa: daftari lina safu mbili, moja kwa kila gari, zenye CIF, kodi, malipo ya wakala wa forodha, usajili na bima, na jumla chini.

## Hatua ya 4: Isome karatasi ya mnada mwenyewe

Daraja huwa juu pembeni. 4.5 na 4 ni magari mazuri. 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo. Chini ya hapo uwe na sababu. R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Herufi ya ndani, kuanzia A, ni hali ya viti na dashibodi.

Kwenye mchoro wa gari utaona alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati, XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo, 1 ikiwa ndogo.

Mimi huogopa S na C kuliko A na U. Mkwaruzo unaondoka kwa fundi rangi. Gari lililokaa mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu chini ya sakafu, na kutu hiyo haitasimama likifika kwenye hewa ya bahari ya Dar, Tanga au Mombasa.

Kisha linganisha kilomita za karatasi hii na zile za kwenye cheti cha kusafirishia, ambacho huonyesha usomaji wa ukaguzi wa mwisho wa lazima. Namba lazima zipande kadiri tarehe zinavyosonga mbele. Zikishuka, funga ukurasa.

## Hatua ya 5: Kagua gari likiwa limezimwa

Anza chini na tochi. Angalia kutu, oili inayovuja pale injini na gia boksi vinapokutana, mipira ya ekseli iliyochanika, na bushi za mkono wa chini wa mbele. Barabara zetu za matuta huzila bushi hizo kwenye magari yote mawili.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Tope au doa la maji kwenye sehemu iliyojificha ni dalili ya gari lililozama. Kwa X-Trail usiangalie viti peke yake, kwa sababu matoleo mengi ya T32 yana viti visivyopitisha maji, na kiti kikavu hakithibitishi lolote.

Angalia matairi. CX-5 huja na 225/65R17 au 225/55R19. Zile za inchi 19 zinapendeza, lakini ukuta wake ni mfupi, shimo moja baya linapinda rimu, na tairi lake ni ghali. Kwa anayepita barabara ya vumbi nasema wazi: chukua inchi 17.

Kama ni CX-5 ya dizeli, vuta kijiti cha kupimia oili. Kijiti chake kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, na imewekwa kwa sababu maalumu. Injini hii ina kichujio cha masizi, DPF, kinachojisafisha kwa kuongeza mafuta kidogo ili moshi upate joto la kuchoma masizi. Safari zikiwa fupi, usafishaji haumaliziki, dizeli inashuka kwenye oili, na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Oili ikiwa imefika X, injini imekuwa ikizunguka na oili iliyochanganyika na dizeli. Usinunue.

## Hatua ya 6: Endesha, na umfanye muuzaji anyamaze

Fika kabla gari halijawashwa. Gusa boneti. Likiwa la moto, kuna kitu kimefichwa na uondoke au urudi kesho. Zima redio na kiyoyozi.

Kwa X-Trail, jaribio ni la CVT:

1. Ingiza D ukiwa umekanyaga breki. Gari liitike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kugonga.
2. Ondoka taratibu sana, kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, ukigusa mafuta kidogo. CVT inayoanza kufa hutetemeka hapa, kama gari linalopita juu ya matuta madogo ya barabara ya vumbi ilhali uko kwenye lami.
3. Tafuta mlima mrefu, upande ukiwa umekanyaga mafuta kwa dakika kadhaa. Gari likipoteza nguvu lenyewe huku mshale wa injini ukikataa kupanda, gia boksi imejilinda dhidi ya joto. Hali hiyo ndiyo itakayokupata Kitonga au Sekenke gari likiwa limejaa watu.
4. Rudi kinyumenyume kwenye mwinuko. Isisite.
5. Unganisha mashine. Msimbo wa P17F0 au P17F1 maana yake kompyuta ya gia boksi imenasa mtetemo. Misimbo hii inaweza kuwepo hata kama taa haijawaka, na ndiyo sababu nilisisitiza mashine inayosoma gia boksi.

Uliza oili ya CVT ilibadilishwa lini na ni ipi. Jibu sahihi ni NS-3. Fundi aliyeweka oili ya kawaida ya otomatiki ameshaiua, hata kama bado inatembea.

Kwa CX-5, sikiliza mabadiliko ya gia kutoka ya kwanza hadi ya tatu, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Yawe mepesi, bila kishindo. Simama ukiwa kwenye D na usikie mtetemo kwenye usukani. Ukiwa mkubwa, mpira unaoshikilia injini umechoka. Angalia kama mfumo wa kuzima injini kwenye foleni unafanya kazi. Ukikataa, mara nyingi ni betri. CX-5 ya petroli inatumia betri maalumu ya aina ya Q-85, na kuweka ya kawaida kwa kubana matumizi ni kujitafutia usumbufu.

Kama CX-5 ni ya dizeli, iendeshe barabara kuu angalau nusu saa. Taa ya DPF isiwake.

Umefaulu ikiwa: umepita hatua zote bila kusema "hilo si kubwa" hata mara moja.

## Hatua ya 7: Piga simu za spea

Usiulize "spea zinapatikana?" Kila mtu atakujibu ndiyo. Andika orodha ya vitu sita: breki padi za mbele, shokapu za nyuma, mkono wa chini wa mbele na bushi zake, taa kubwa ya mbele, rejeta, na gia boksi iliyotumika. Piga maduka matatu ya Kariakoo au Ilala, utaje namba ya chesisi, uandike bei na siku za kusubiri.

Vitu vinne vya kwanza vitakuambia gharama za kila mwaka. Gia boksi itakuambia gharama ya siku mbaya. Aliye mkoani apige na duka la mjini kwake, kwa sababu spea iliyopo Kariakoo bado inahitaji basi na siku mbili.

## Hatua ya 8: Chagua

Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1.

Safari fupi za mjini, watu wasiozidi watano, barabara nzuri: CX-5 ya petroli 2.0. Ni fupi kuliko X-Trail kwa sentimita 10, sm 454 dhidi ya 464, na hiyo inasaidia kuegesha. Gia boksi yake inakupunguzia wasiwasi. Haina haraka ikiwa imejaa, na ni vizuri ulijue hilo mapema.

Safari ndefu za mara kwa mara, milima, mzigo: CX-5 ya petroli 2.5, ukikubali nyongeza ya kodi. Nguvu yake ya farasi 188 dhidi ya 147 za X-Trail inaonekana wazi unapolipita lori kwenye mwinuko.

Familia, mizigo mingi, tope: X-Trail NT32, kwa sharti kwamba CVT imefaulu kila jaribio. Viti vya nyuma vinasogezwa mbele na nyuma na kuegemezwa, jambo ambalo CX-5 ya kizazi hiki haikupewa. Ina kitufe cha kuchagua 2WD, AUTO au LOCK, na hiyo LOCK inasaidia kweli unapotoka kwenye tope taratibu. CX-5 haina kitufe hicho. Gari huamua lenyewe.

CX-5 ya dizeli: kwa anayesafiri kilomita nyingi barabara kuu kila wiki na mwenye fundi anayeijua DPF. Mvuto wake ni mkubwa, Nm 420, na inakula mafuta kidogo. Lakini kwa mtu wa foleni za Dar siishauri hata kwa bei ya chini, kwa sababu kila kilomita ya foleni inaongeza masizi ambayo hayatapata joto la kuungua.

Kuhusu mafuta kwa petroli za 2.0, usipoteze usiku. Vipimo vya Japani vya magari yote mawili vinazunguka kilomita 16 kwa lita, na hutazipata mjini kwa lolote kati ya hayo. Tofauti yako itatokana na mguu wako na foleni.

## Hatua ya 9: Lipa, halafu uhudumie kabla ya kutamba

Lipa kwenye akaunti yenye jina lile lile la kampuni lililo kwenye ankara. Akaunti ya mtu binafsi, hapana. Hakikisha ankara ina namba ya chesisi uliyoikagua, herufi kwa herufi.

Gari likifika, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na kichujio, kichujio cha hewa, na maji ya breki. Kwa X-Trail, badilisha na oili ya CVT kwa NS-3, hata kama muuzaji anasema ilibadilishwa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa kila tairi: 2318 maana yake wiki ya 23 ya 2018. Tairi kuukuu lisiende safari ndefu, hata kama kashata zake bado ni nzuri.

Redio nyingi za Japani zinaanzia masafa ya 76 na kuishia karibu na 90 au 95, hivyo stesheni nyingi za FM hazitashika hadi ufunge kifaa cha kuhamisha masafa. Fundi umeme wa magari anakifunga haraka.